Jabali Lisilo na Pweza

3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mkaza mjomba naye mzima, na fundi viatu wa jirani bado anagonga misumari kila ukianza kumpima mtu macho. Mimi sijambo, ila mgongo. Jua la huku halina urafiki. Ukielea kifudifudi asubuhi nzima, uso uko kwenye baridi na mgongo uko kwenye kikaango. Siku hizi naingia majini na shati la mikono mirefu, na wenzangu pale kwenye kituo cha utafiti wa bahari wanasema nimefanana na karani aliyetumbukia akienda kazini. Mama nimezungumza naye juzi. Anakusalimu, na anauliza kwa nini humtembelei na mitaa yenu inapakana.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mjomba, miwani yako inafanya kazi. Unakumbuka nilivyokuwa nikiteseka: nikivua miwani yangu ya kawaida na kuvaa ile ya kuzamia ya dukani, bahari nzima inageuka supu. Nilikuwa napiga picha kwa kubahatisha, halafu narudi nchi kavu kuuliza watu nimepiga nini. Tangu uzisage zile lenzi mbili kwa kipimo changu na kuzigandisha ndani ya kioo cha miwani ya kuzamia, naweka uso majini, nauma mrija wa kupumulia, na naona. Naona mchanga punje kwa punje. Naona kaa akitafuna. Siku ya kwanza nililia humo humo ndani ya miwani, jambo la kijinga kabisa, maana machozi hayana pa kutokea.

Pwani ya huku ni majabali matupu, hakuna hata pa kutandika taulo. Tunashuka kwa kushikilia kamba nyuma ya jengo la kituo, mimi na mama mmoja tunayemwita Bi Mapezi. Alikuwa mwalimu wa kuogelea, amestaafu, ana wajukuu, na majini hakuna wa kumfikia. Kazi yangu ni kupiga picha viumbe wanaoishi kwenye majabali, kazi yake ni kuangalia mawimbi ili yasinibamize. Mpaka sasa hatujagombana, isipokuwa kuhusu nani alikula biskuti.

Nimekuwekea picha tatu: kaa, kiti cha pweza chekundu chenye mikono yake mitano, na samaki wa milia anayeishi ndani ya kile kinyama kinachofanana na ua. Nimezichapa kubwa kwenye karatasi kwa sababu najua hutaki za kwenye simu. Uliniambia picha isiyoshikika ni uvumi.

Mwisho wa mwaka kituo kitatoa kitabu cha picha hizi. Mkuu wa kituo ameniachia nichague ya jalada, na mimi nakuachia wewe. Usikatae. Kila ninachokiona huku ninakiona kupitia mikono yako, kwa hiyo jalada ni lako.

Na lini utakuja kuiona bahari yenyewe?

Mpwa wako


27 Februari

Bi Miwani,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Barua yako imefika, imesomwa, imesomwa tena, na sasa inazunguka mtaani kwa sababu mkaza mjomba wako hana siri. Yeye ni mzima, amesimama hapa nyuma yangu anasema nikuambie ujipake mafuta mgongoni. Fundi viatu bado anagonga. Nimemzoea kiasi kwamba akinyamaza naenda kuangalia kama amekufa.

Usishangae maandishi yangu kuwa makubwa kama tangazo la barabarani. Nimenunua kalamu nene, nimeipenda. Mtu akifika umri wangu ana haki ya herufi kubwa.

Picha zako nimezifurahia sana. Samaki ana milia mitatu myeupe, wa katikati umepinda kidogo tumboni. Kaa amekunja magando kama mtu anayeficha kitu mkononi. Kiti cha pweza kina mkono mmoja mfupi kuliko mingine, bila shaka ulikatika na sasa unaota upya. Mkaza mjomba wako anasema rangi yake ni ya yale mapazia yetu ya zamani. Unayakumbuka, na unakumbuka alivyoyachukia. Zote nzuri, lakini jalada bado. Jalada ni picha ya kumfanya mtu asimame.

Unaniuliza habari za kazi. Hukuuliza, lakini najua ungeuliza. Kazi ipo. Nikusimulie kichekesho badala yake. Alikuja dereva mmoja anayetaka cheti cha macho. Akausoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa bila kusita, kama anaimba. Nikajua huyu kaukariri kwenye foleni, amewasikiliza wenzake. Nikakohoa. Mkono wa kugeuza ubao haukuwepo, nikakumbuka kwamba siku hizi uko baharini, nikageuza mwenyewe. Ubao wa pili akausoma kwa herufi zilezile za ubao wa kwanza. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikamuuliza unaona, akasema naona. Nikamwambia mimi siulizi kama unaona, nauliza unaona nini. Jibu lake mpaka leo sijalipata.

Ulikuwa mtoto wa mkono mwepesi kwa ule ubao. Nikikohoa tu, umeshageuza na kukaa kitini kama hujatoka.

Kuhusu kuja kuiona bahari, safari ni ndefu na magoti yangu yana maoni yao. Tutaona.

Dada nimemsikia. Nitapita kwake.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Habari za nyumbani? Huku ni salama. Mgongo umepona, sasa ni pua inayobanduka. Bi Mapezi amepoteza pezi moja la mpira, wimbi lilimvua mguuni, na kwa siku kadhaa alikuwa akiogelea kwa kuzunguka. Nilicheka, naye akaapa kwamba siku nikizama ataniangalia tu. Mkaza mjomba mwambie mafuta najipaka.

Mama amekukasirikia na anayesikilizishwa ni mimi. Anasema mlikutana karibu na benki, akakupungia mkono, akasimama kabisa, nawe ukampita kama unapita nguzo. Nimemwambia labda ulikuwa na mawazo. Tafadhali umwombe radhi, kwa sababu kila nikipiga simu lazima nisikie habari ya benki kuanzia mwanzo.

Sasa kaa vizuri. Tulikuwa tunaelea kwenye mfereji mwembamba kati ya majabali mawili, maji yamepwa na yametulia. Nilikuwa nikipiga picha za kupima mwanga tu, kwenye jabali tupu lenye mwani na ufa mmoja. Hakuna kitu. Nikashusha kamera nirekebishe. Nilipoinua macho, kipande cha lile jabali kikafungua jicho.

Pweza, Mjomba! Yuko mbele yangu, nikinyoosha mkono namgusa, na rangi yake ni ya jabali, na ngozi yake ina vinundu vya jabali, na ameshika hata kivuli cha mwani. Sikupiga kelele kwa sababu mrija ulikuwa mdomoni. Nikapiga picha. Akanitazama kidogo, akageuka mweupe, akajimimina ndani ya ufa, basi.

Picha hiyo iko ndani ya bahasha. Sikuambii yuko wapi. Pale kituoni wameitazama watu wazima na shahada zao wakashindwa, mpaka niliponyoosha kidole. Mtafute mwenyewe, halafu uniambie. Nadhani hili ndilo jalada, lakini nasubiri neno lako.

Naifunga mbiombio, posta wanafunga mchana na mimi bado nimelowa.

Mpwa wako


2 Mei

Bi Miwani,

Nakujibu kwa ufupi. Mkaza mjomba wako hayupo, amekwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Nyumba iko kimya. Chai naipika mwenyewe na naimwaga mwenyewe. Fundi viatu ananisaidia mambo mawili matatu, barua na kadhalika.

Dada nimemwomba radhi. Nilikuwa na mawazo, kama ulivyosema.

Pweza nimemwona mara tu nilipoishika picha. Yuko kushoto, chini, kwenye giza la ufa, ananitazama kwa jicho moja kama mteja aliyeambiwa avae miwani mizito. Hao wa shahada wangekuja kwangu niwapime. Ni picha nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga. Jalada ni hilo, usitafute jingine.

Nimefurahi sana, mwanangu.

Mjomba wako


8 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nyote hamjambo? Mguu wa dada yake mkaza mjomba unaendeleaje? Bi Mapezi amepata mapezi mapya, ya manjano, anaonekana kutoka ng'ambo. Mama amekusamehe, japo habari ya benki haijaisha.

Nimechelewa kukujibu na sitasingizia kazi.

Barua yako ilinifurahisha mpaka nikapita ofisi kwa ofisi nikiwasomea. Mjomba wangu, fundi miwani, kamwona papo hapo! Kisha nikaenda mezani kwangu kutafuta picha nyingine za kumpelekea mkuu wa kituo, nikafungua kasha, na pweza alikuwa humo. Ya pweza nilichapa moja tu, nayo ilikuwa humo. Niliyokutumia wewe ni ile ya kupimia mwanga, ya kabla hajafungua jicho. Jabali, mwani na ufa.

Mjomba, kwenye picha uliyo nayo hakuna pweza.

Nilikaa nayo siku nyingi. Kwanza nikasema umenitania. Halafu nikazitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Kalamu nene. Barua "imesomwa", hukusema umeisoma. Milia ya samaki umenieleza vizuri kabisa, ila rangi ya kiti cha pweza aliisema mkaza mjomba, na wakati huo mkaza mjomba alikuwepo. Aliposafiri, ukabaki na fundi viatu. Na mama pale benki, ambaye ulimpita kama nguzo.

Sikukutega, naapa. Nilikosea kwa haraka ya posta. Lakini nimejikuta nimegeuza ubao kabla hujakohoa, na anayesoma herufi za ubao wa kwanza ni wewe.

Moyo unaniuma kukuandikia hivi. Ningepiga simu, na nimepiga mara kadhaa, ila tangu mkaza mjomba arudi, kila mara anasema umetoka. Tangu lini wewe ukawa mtu wa kutoka? Kwa hiyo nakuuliza kama ulivyonifundisha kuwauliza wateja. Sikuulizi kama unaona. Unaona nini, Mjomba?

Mama sijamwambia.

Mpwa wako


21 Agosti

Mpwa wangu,

Anayeandika ni mkaza mjomba wako, mimi nasema tu. Amekubali kuandika kila neno kama nilivyolisema. (Nimekubali, lakini na mimi nina maneno yangu.)

Tuko wazima. Mgonjwa wa nyonga anatembea na fimbo na anaitumia kuamuru watu. Barua yako nilisomewa zamani, na kimya changu chote hicho nilikuwa nimekasirika. Kwanza nilikukasirikia wewe. Kisha nikamkasirikia fundi viatu, kwa sababu nilimpa picha nikamwambia aniambie pweza yuko upande gani, akasema anaona jabali tu. Nikajua huyu ana macho mabovu kuliko yangu, nikabahatisha kushoto. (Fundi viatu wa watu alisema kweli, akaitwa kipofu mbele ya wateja wake. Nimempelekea chai ya kumpoza.)

Umeniuliza naona nini. Naona dirisha. Naona kwamba kuna mtu mlangoni, ila ni nani sijui mpaka aseme. Taa zimeota ndevu. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia zaidi. Nilijitambua mwenyewe mapema, ndiyo kazi yangu. Maisha yangu yote nimewaambia watu: nenda hospitali, ni jambo dogo, unatoka unatembea kwa miguu yako. Nilisema kwa wepesi kwa sababu jicho halikuwa langu.

Lenzi za miwani yako ya kuzamia ndizo za mwisho nilizosaga. Nilizisaga kwa vidole kuliko kwa macho. Nikimaliza upande, nampa huyu anayeandika aende dirishani akaangalie ukingo, aniambie palipopanda na palipozama. Jozi mbili tulizitupa kabla ya kupata hiyo. (Tatu.) Baada ya hapo nikaifunika mashine kwa shuka. Wanaotaka miwani nawaelekeza kwa fundi mwingine, mimi nabaki kukaza skrubu za fremu, kazi ya vidole.

Na yule dereva nilimkamata kwa masikio.

Sasa najua utasema nini, kwa hiyo nasema mimi kwanza. Ninaogopa. Mwanga nilio nao ni mdogo, lakini ni wangu na tumezoeana. Wakikosea kule hospitali, hata dirisha litaondoka, nami nitakuwa mtu wa kuketishwa na kuinuliwa. Naomba usiniite mwoga kwenye barua, maana nitasomewa kwa sauti na jirani anasikia.

Jambo moja nashukuru, na hili nalisema bila kusukumwa. Jozi ya mwisho ilikwenda baharini. Ingeweza kwenda kwa mtu wa kusomea matangazo ya vifo. Huyu anaponisomea unavyoeleza kaa na samaki, nasema macho yangu hayakukaa bure, mahali fulani yanafanya kazi.

Mjomba wako

(Mwanangu, njoo. Mimi nimechoka kuwa dirisha. Hili sijamsomea.)


3 Septemba

Mjomba, shikamoo. Mkaza mjomba, shikamoo, na pole kwa kuandika.

Barua yenu nimeipata leo na najibu leo. Habari za huku ni njema, za mama ni njema, za Bi Mapezi ni njema, tusipoteze muda.

Sikuiti mwoga. (Mkaza mjomba, hapo soma kwa sauti, jirani asikie.)

Nataka nikusimulie jambo ambalo sikulisimulia. Mwezi wa tatu, maji yalipokuwa na fujo, wimbi lilinigeuza kichwa chini na miwani yako ikajaa maji. Ili uitoe maji lazima uibandue usoni kidogo. Mikono yangu ilikataa. Nilijua nikiibandua sitaona kitu, nami niko katikati ya majabali. Nikaing'ang'ania ikiwa imejaa, na humo ndani sioni vilevile! Hebu fikiria, nimeshika kwa mikono miwili kitu ambacho hakinionyeshi chochote, naogopa kukiachia nisije nikapofuka. Bi Mapezi alikuja. Akanishika kiwiko. Basi. Nilipokisikia kiganja chake, nikaibandua, nikapuliza kwa pua, maji yakatoka, na nikayaona majabali yako mbali kabisa na nilivyodhani.

Huo ndio ushauri wangu wote, sina mwingine. Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja nikushike kiwiko. Usiponipa kiwiko nitashika sikio.

Na asante, Mjomba. Nilikushukuru kwa miwani nilipodhani umenisagia kama unavyomsagia kila mtu. Sasa najua ulikuwa gizani na bado ukanisagia mimi nione, na sijui nilishukuru kwa kipimo gani wakati ule, lakini hakikutosha. Nikiweka uso majini kila asubuhi nasema asante ndani ya mrija. Inatoka kama mlio wa bata, lakini ndiyo hiyo.

Mkuu wa kituo nimemwambia jalada halijapatikana, asubiri. Ameuliza linasubiri nini, nikamwambia linasubiri mchaguzi.

Nakuja.

Mpwa wako


14 Desemba

Mwanangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Mkaza mjomba wako ni mzima, yuko jikoni anaimba, na leo hajasimama nyuma yangu. Amenipa barua na picha zote kwenye bahasha moja, akasema kazi ya udirisha ameacha na hataki kiinua mgongo. Dada naye mzima. Juzi nilimwita kwa jina lake la utotoni kutoka ng'ambo ya barabara, pale pale benki, na yeye ndiye hakuniona. Nimemwambia mtaa mzima kwamba dada yangu alinipita kama nguzo.

Tangu uondoke sikukuandikia kwa makusudi. Nilitaka kwanza jicho la pili lipone, na nilitaka kuandika hivi unavyoona.

Ile asubuhi kwenye varanda ya hospitali sitaisahau. Nesi alikuambia mara ngapi uniachie kiwiko, nawe ukamjibu kwamba una mkataba. Walipofungua bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona ni pua yako, nikasema inabanduka, ukaanza kulia ukamwagia machozi hata daktari. Nilijifanya nimekasirika. Nilijikaza tu, mwanangu. Nilikuwa sijakuona vizuri tangu kabla hujaenda baharini, na nilikuwa nimekubali kwamba sitakuona tena isipokuwa kwa sauti.

Mambo mengi nimeyakuta yamebadilika. Fundi viatu amezeeka sana. Nimemwambia, naye akanijibu kwamba amekuwa akiniangalia muda wote na mimi sikubaki nyuma. Nimemwomba radhi kwa kumwita kipofu, na nitakueleza kwa nini ningengoja kidogo.

Niliondoa shuka kwenye mashine. Vumbi lilikuwa la kutosha kulima. Kwa mbali naona safi, kwa karibu bado nahitaji msaada, kwa hiyo mteja wa kwanza nikawa mimi. Nilijipima, nikajisagia jozi ya kusomea, na mkono haukusahau. Nilipoivaa sikutazama gazeti wala kioo. Nilivuta droo nikazitoa picha zako.

Nilianza na ile ya jabali tupu, kwa sababu ndiyo iliyonitoa mafichoni. Nikaipeleka dirishani. Niliona mwani, kila unywele wake. Niliona ufa. Upande wa kushoto, chini, pale nilipokuambia yuko, hakuna kitu, giza tu. Nikaona aibu yangu yote iko pale, nikacheka peke yangu.

Halafu nikaendelea kutazama. Sikuwa na haraka, nimekaa muda mrefu bila kutazama kitu. Na mwanangu, pweza yumo.

Uliniandikia mwenyewe kwamba kipande cha jabali kilifungua jicho. Sasa kabla ya kulifungua kilikuwa wapi? Hakushuka mawinguni. Alikuwa pale pale wakati ukipima mwanga, amefumba, anakusubiri uondoke, nawe umemwelekezea kamera usoni na kusema hakuna kitu. Yuko kulia, juu kidogo ya ufa. Fundi viatu aliambiwa atafute, akasema jabali tu. Wewe ulipiga picha, ukasema jabali tu. Mimi niliyekuwa sioni ndiye niliyesema yupo, ila nilikosea upande.

Nakurudishia picha. Sijachora duara wala mshale. Usiniandikie kwamba umemwona, niandikie umeona nini.

Jalada ni hilo, kama mkuu wa kituo bado ana subira. Chini yake msiandike kitu. Wacha watu waseme kituo kimekosea kuweka picha ya jabali, wafunge kitabu, halafu waje wakifungue tena.

Na ile miwani yako ya kuzamia niletee ukija, au nije kuifuata huko kwa majabali, magoti yamebadili maoni. Nataka kukusagia jozi nyingine, safari hii nikiona ninachofanya. Ile ya kwanza usiitupe. Niwekee mimi, nataka kuijaribu.

Asante kwa kukosea bahasha.

Mjomba wako
(nimeandika mwenyewe, kwa kalamu nyembamba)